Chumba Kisicho na Mlango

Asubuhi hiyo Rula alipofungua ramani ya nyumba ya daktari wa meno, alikuta imeongezeka chumba kimoja.

Kilikuwa chumba kidogo, kimebanwa kati ya jiko na stoo, kuta zake zimechorwa kwa unene uleule anaoutumia yeye. Kilichokosekana ni mlango. Wala dirisha hakikuwa nalo. Rula alijikuna kichwa, akajiambia kwamba jana alichoka, akakifuta.

Jina la Rula alibandikwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kwa sababu hata sahani mezani lazima azipange zinyooke. Shemeji huyo alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa maneno mengi na vicheko, na ndiye aliyemtafutia ile kompyuta ya mezani anayochorea ramani za watu, mtumba uliotoka kwenye ofisi iliyovunjwa. Siku hizi ilikuwa nzito kama gari lililokwama matopeni. Ukibonyeza, feni inalia, kioo kinaganda, nawe unabaki umeshika tama.

"Shemeji, hiyo si kompyuta tena, ni mgonjwa," alisema fundi alipokuja kuichungulia. "Dawa yake tubadilishe prosesa, ule ubongo wake. Na kwa kuwa prosesa mpya haitakaa kwenye mazabodi hii ya kizamani, tung'oe na mazabodi yenyewe."

"Mazabodi si ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu? Sasa kitabaki nini?"

"Litabaki kasha. Na wewe."

"Ngoja nifikirie."

"Wewe hata soksi unazifikiria!" Fundi alicheka mpaka dada yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Rula alifikiria kweli. Kubadilisha maana yake asimamishe kazi, aweke upya programu zote, na huku daktari wa meno anapiga simu kila asubuhi. Kutobadilisha maana yake aendelee kujikokota hivyo hivyo mpaka siku itakapozima moja kwa moja na ramani za watu zikiwa ndani. Akawa anapima huku na huku, leo ndiyo, kesho hapana.

Wakati anapimapima, chumba kikarudi. Alikifuta kwenye nyumba ya daktari, akakikuta kwenye duka la vioo. Alikifuta dukani, kikaibuka kwenye ghala la mbolea. Kila kilipojitokeza palinuka chokaa mbichi, kama kwamba kuna mtu amemaliza kupiga lipu sasa hivi, na kuta za nyumba yao zilikuwa kavu tangu wahamie.

Adhuhuri moja, mkewe akiwa bado kazini kwake, shule ya chekechea, Rula alichomoa waya ukutani ili apulize vumbi. Kioo hakikuzima. Feni iliendelea kuzunguka, taratibu, kama mtu anayehema usingizini, na kutoka ndani ya kasha kukasikika mlio mdogo wa kugonga, ngo, ngo, mithili ya kidole kinachogonga ukuta kutoka upande wa pili, naye amesimama na waya mkononi, ule waya usio na umeme, akautazama mstari mweusi ukijichora wenyewe juu ya ramani ambayo hakuifungua, ramani ya nyumba hiihii aliyosimama ndani yake, ukapita nyuma ya jiko, ukakata kona, ukashuka, ukakata kona tena, ukarudi ulikoanzia na kujifunga, na harufu ya chokaa ikamjaa puani mpaka akaisikia ladha yake ulimini.

"Nani?" alinong'ona.

Kugonga kukakoma ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba anasikika.

Hakumwambia mkewe. Mtu anayeishi kwa vipimo angeanzia wapi? Aliichapa ile ramani, akaikunja, akaenda nayo kwa mganga mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akiwatazamia watu uani kwake. Mganga hakuipokea. Alimwambia aiweke chini, akainama, akainusa kwa mbali.

"Huyu hana kwake," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na mahali, pakavunjwa. Amejikunyata ndani ya hicho chuma chako, anatafuta pa kuhamia."

"Na nikiibadilisha hiyo mazabodi? Nikaitupa mbali kabisa?"

Mganga alimkazia macho. "Umbomolee mara ya pili, mwenyewe akiwamo? Mkono utakaoing'oa ndio atakaoupanda. Usiiguse, wala mtu mwingine asiiguse. Ijumaa nitakuja nimtoe kwa adabu."

Basi uamuzi ukawa umepatikana. Njiani Rula alimtumia shemeji yake ujumbe: Tuache kwanza. Sababu hakuitaja. Aliogopa kuchekwa.

Kesho yake alishinda akipima kiwanja cha mteja. Aliporudi alasiri, mkewe alimpokea mlangoni akitabasamu.

"Funga macho."

"Kuna nini?"

"Mdogo wangu kakushtukiza. Anasema ukiachiwa uamue mwenyewe tutazeeka wote."

Kompyuta iliwaka kufumba na kufumbua. Feni haikusikika kabisa. Rula alifungua ramani ya daktari, ya duka, ya ghala, ya nyumba yao. Zote zilikuwa safi. Alimgeukia mkewe.

"Yuko wapi?"

"Bafuni, ananawa. Eti ule ubao wa zamani umemchanja." Mkewe akasita. "Ila amekaa sana."

Maji hayakuwa yakitiririka. Fundi alikuwa amesimama gizani, ameupa uso ukuta uliopakana na jiko, anaupapasa kwa viganja viwili, kutoka kona hii mpaka kona ile.

"Shemeji?" Rula aliita.

Fundi aligeuka. Tabasamu lilikuwa lake. Macho hayakuwa yake.

"Kuta nzuri," alisema. "Utanijengea lini?"

Mganga aliitwa jioni hiyohiyo. Aliishia kizingitini. Alinusa, kisha akakaa kwenye ngazi. "Ndani ya chuma ningembembeleza," alisema. "Ndani ya mtu, nikimvuta, atatoka na kila alichokishika humo." Akajifunga kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo fundi hakukubali kurudi kwake, na hakula. Hospitali walikompeleka walimtundikia maji, wakampima, wakasema hana kitu. Mashavu yalimbonyea. Dada yake alimpigia magoti na sahani mkononi, "Mdogo wangu, kijiko kimoja tu, nakuomba," naye alimjibu kwa upole wa kutisha, "Nikipata pangu nitakula." Na walipozidi kumlilia, aligeukia ukuta na kuanza kugonga, ngo, ngo, bila kuchoka.

"Mchoree," mkewe alisema mwishowe. Hakuwa na machozi tena. "Mchoree anachotaka. Mimi nitawatafuta waashi."

Rula aliketi. Mashine ilimtii kuliko wakati wowote, mkono haujafika mstari umeshafika. Alichora ukuta wa kwanza, wa pili, na nyuma yake akasikia kijiko kikigonga sahani, na mkewe akishusha pumzi, kwa kuwa mdogo wake alikuwa amefumbua mdomo na kula. Akachora wa tatu. Kwenye wa nne akaweka mlango, mpana, wa kuweza kumpitisha mtu aliyebebwa, ili siku moja, kwa njia yoyote ile, wamtoe.

Mkono wa baridi ukashuka juu ya mkono wake. Ukausogeza taratibu. Ukaufuta ule mlango.

Rula aligeuka. Kwa muda mfupi yale macho yalikuwa ya shemeji yake kweli, yamejaa maji, na midomo ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu anayenyanyua mzigo uliomzidi.

"Shemeji," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "mlango usiweke. Mimi ameshanipata. Akitoka humo, anamtaka dada."