Mgeni wa Mashine ya Vidole

Kompyuta ililia tuduu, ule mlio wake wa kupokea kifaa kilichochomekwa, na waya wa USB ulikuwa bado umelala mapajani mwa Harieth, karani wa ushirika.

"Karibu!" alijibu, na wakulima kwenye mabenchi wakacheka.

Mzaha huo ulianza juzi, mashine ya vidole ilipogoma kuongea na kompyuta. Bila kuweka dole gumba hakuna mkulima ambaye angepata mbegu za pamba, na watu walishinda na njaa zao katika ofisi ya ushirika pale Sola. Basi kila kompyuta ilipolia bure, Harieth aliikaribisha, angalau watu wacheke. Alikuwa mwanamke wa adabu zake. Hata mtu aliyekuja kumgombeza aliagwa kwa "karibu tena". Na leo saa kumi orodha ya wa kupewa mbegu ilikuwa inafungwa.

Hemed, fundi wa kompyuta aliyefika asubuhi kwa pikipiki kutoka Bariadi, alikuwa amebadilisha waya, amejaribu matundu yote, ameweka draiva upya, amezima na kuwasha mpaka kidole kikamuuma.

"Dada Harieth, umechomeka wewe?"

"Nichomeke nini, kaka? Waya si huu hapa?"

Tuduu. Mashine, iliyokaa peke yake mezani bila waya wowote, ikawaka kijani. Kioo chake kikafunga ukungu, na katikati ya ukungu likajichora dole pana, laini, lisilo na mstari hata mmoja. Harufu ya udi ikajaa chumba kilichozoea kunuka dawa ya pamba.

Mzee Jilala, mmoja wa wakulima, akavuta benchi lake nyuma. "Mayu, mama yangu," alisema polepole, "huyo aliyekaa karibu yako ni nani?"

Hapakuwa na mtu. Harieth akakifuta kioo haraka kwa dole gumba, akalitazama dole lenyewe: mistari yake yote ilikuwa imefutika, na ubaridi ulikuwa unapanda taratibu kuelekea kwenye kiwiko.

Hemed aliuona mkono ule akashusha sauti. Kwao Pangani, babu yake alikuwa mtu wa kuagua.

"Ilipolia ulikuwa unajibu nini?"

"Karibu. Nilikuwa natania tu, jamani!"

"Basi umekaribisha jini, nalo limeingia. Linatafuta mwili wa kukaa. Limeanza na dole lako."

"Lifukuze, kaka, nakuomba."

"Mgeni wako mimi nitamfukuzaje? Msindikize mwenyewe mpaka njia panda. Mwambie kwaheri, kisha wewe urudi, usigeuke nyuma. Kwaheri tu, dada. Usiongeze neno."

Harieth akaifunga mashine kwenye kanga akatoka. Jua lilikuwa la utosi, mashamba meupe kwa mwanga, na hakupiga hatua kumi kabla ya kusikia nyuma yake makatambuga ya matairi yakiburuzwa mchangani, kwaruu, kwaruu, akiharakisha yanaharakisha, akipunguza yanapunguza, na udi ukamzunguka shingoni, na ubaridi ukapita kiwiko ukaingia begani, naye akaenda hivyo hivyo akiwaza wanawe, akiwaza ni nani angerudi kwao jioni akiwa amevaa sura yake, akijikaza asigeuke wala asilie, mpaka njia ya Sola ilipogawanyika na makatambuga yakasimama.

"Kwaheri," alisema.

Kisha harufu ikapeperuka, bega likapata joto, na alipolitazama dole lake, mistari ilikuwa inarudi mmoja mmoja. Machozi ya furaha yakamtoka. Alikuwa mzima! Wakulima wangeandikishwa, jioni angewapikia wanawe. Na mgeni mwenyewe alikuwa ameondoka kistaarabu, bila ubishi, kama wageni wema wanavyoondoka. Harieth akashusha pumzi, akaanza kurudi, na ulimi uliozoea adabu miaka yote ukajisemea wenyewe:

"Haya, karibu tena."

Akajiziba mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka.

Nyuma yake makatambuga hayakusikika tena. Ilisikika tuduu, moja tu, ya taratibu, nayo ililia ndani ya kifua chake.