Jini la Kilomita Ishirini na Tano

Kiti kilichokuwa kando ya Mio kilibonyea chenyewe, taratibu, kama mtu mnene anapojishusha kukaa baada ya kupanda ngazi. Ikafuata harufu ya majani yaliyooza chini ya theluji. Mio, msichana wa sekondari, alitupa jicho pembeni, hakuona mtu, na kwa adabu zetu za huku akavuta begi lake la shule karibu ili ampishe huyo asiyeonekana. Adabu! Siku moja itatumaliza.

Behewa lilikuwa likipita pembezoni mwa mlima Kurabami wakati huo, kwa ule mwendo wake wa aibu. Aliyeendesha alikuwa baba yake mwenyewe, dereva Hatakeda, mjane, mtu mwembamba mwenye glavu nyeupe ambaye hajawahi kuvunja kanuni hata ya kufunga kifungo.

Ngoja nikueleze kuhusu mwendo huo, maana bila huo hakuna kisa. Zamani treni ya haraka ilitoka pwani moja kwa moja hadi mjini Minasaka. Ulikuwa unapanda na kiboksi chako cha wali na samaki wa mtoni, hujamaliza kula umefika. Leo unabadilisha treni mara tatu, na katika kila kituo unakaa unapigwa baridi kama mkosaji. Kwetu limebaki behewa moja la dizeli linalokohoa. Mawe yalipoanza kudondoka Kurabami, mabwana wakubwa wa kampuni ya reli walikaa kikao, wakaona kujenga ukuta ni gharama. Basi badala ya ukuta wakaweka kibao: kilomita ishirini na tano kwa saa. Jiwe likidondoka, dereva alione na asimame. Hiyo ndiyo akili yao yote, na suti zao zile! Barabara ya mlimani nayo ilizolewa na maporomoko, ikaachwa vivyo hivyo. Na usisahau kichekesho chenyewe: treni ikichelewa dakika mbili, tunaombwa radhi kwenye kipaza sauti kwa sauti ya msiba. Safari imerefuka mara tatu, hakuna aliyetuomba radhi, kwa sababu ratiba imeandikwa hivyo.

Basi kiti kikabonyea. Kesho yake kikabonyea tena. Siku zilizofuata hakikubonyea, ila mgongo wa Mio ndio ulianza kupinda.

Kwanza mabega yalishuka. Halafu akawa anatembea akitazama vidole vya miguu yake. Akilala, alilala kifudifudi, na shuka la mgongoni lilikuwa likipanda na kushuka kwa pumzi isiyokuwa yake. Daktari wa kijijini akasema ni uzito wa vitabu. Hatakeda akanunua begi jepesi.

"Baba," Mio alimnong'oneza jioni moja wakila, "kuna mtu ananiuliza jina langu."

"Nani?"

"Sijui. Yuko nyuma ya shingo. Nikimwambia ashuke anacheka. Anasema, haraka ya nini?"

Hatakeda aliweka vijiti vyake vya kulia chini, akavinyoosha vikae sambamba. Ndiyo alivyo akiogopa.

"Usimjibu," alisema.

Kampuni ilipopata habari kwamba abiria wanalalamikia harufu, ilimleta kuhani kutoka Minasaka. Alikuja na gari lake, kwa kuzunguka njia ya pwani, maana alisema treni ingemchelewesha. Akapunga karatasi zake nyeupe za kufukuzia pepo kwenye jukwaa la kituo, akanyunyiza chumvi, akapigwa picha, akala chakula cha mchana, akaondoka. Mlimani hakukanyaga. Mtu hovyo kabisa.

Aliyesema kweli alikuwa bibi Kikue. Huyu ni mama mzee mwenye mdomo mchafu, muuza figili za chumvi, ambaye kila Jumamosi hupanda behewa hilo kwenda kugombana na wateja wake. Jumamosi hiyo mvua ilikuwa ikinyesha na abiria walikuwa wawili tu, yeye na Mio. Alimtazama msichana kwa muda, akaenda hadi kwenye kiti cha dereva.

"We Hatakeda. Mwanao amebeba kitu."

"Amebeba begi la shule, bibi."

"Begi linapumua?"

Hatakeda akakaza macho relini.

"Hilo ni jini la Kurabami," bibi alisema, akiishusha sauti. "Bibi yangu alikuwa akipita mlima huu kwa miguu na magunia ya mkaa. Linamvizia anayekwenda polepole, linamrukia mgongoni. Mbio halina. Waliopandwa walikuwa wakiteremka mlima mkuku mpaka linadondoka. Ikaja treni ya haraka, likabaki linatukodolea macho miaka na miaka. Sasa mabwana zako wamelipunguzia mwendo. Wamelisimamishia gari kabisa!"

"Nimfungie Mio nyumbani, basi."

"Limeshauzoea mgongo wake. Halidondoki popote isipokuwa pale lilipopandia, na reli ndiyo njia pekee iliyobaki pale. Mtazame kichwa kilipofika. Kikigusa magoti hainuki tena, huyo. Kimbiza hili dude."

"Kibao kinasema ishirini na tano."

"Kibao ndicho kilichomzaa Mio?"

Mbele, ndani ya mvua, kibao chenyewe kikatokea. Madereva wa huku wana desturi: kila alama wanayoiona wanainyooshea kidole na kuitamka kwa sauti, ili akili isilale. Mkono wa Hatakeda ukainuka wenyewe. "Ishirini na tano, sawa!" mdomo ukasema, na mkono mwingine ukavuta breki, kama ulivyofanya maisha yake yote. Behewa likalegea. Nyuma yake akasikia kicheko kidogo, kikavu, na sauti ya Mio ikisema, "Baba, linazidi kuwa zito."

"Mwoga we!" bibi Kikue alifoka. "Mtumwa wa bati lililopakwa rangi!"

Hapo ndipo Hatakeda alipoiachia breki na kuusukuma mkono wa mwendo hadi mwisho, na lile behewa kuukuu likaguna, likatetemeka, likaanza kukimbia, mawe ya mlimani yakipita dirishani huku matawi yakichapa vioo, na harufu ya majani yaliyooza ikajaa hadi kooni, na kwenye kiti cha Mio kitu kikaanza kukwaruza, kwanza kama paka, kisha kama watu wengi wanaong'ang'ania ukuta mmoja, na Mio akalia, na Hatakeda hakugeuka kwa sababu alijua akigeuka atapunguza, na sauti ile ambayo siku zote haikuwa na haraka sasa ikaita polepole jamani, polepole, mnakwenda wapi, mpaka dirisha la nyuma likapasuka na kitu kikatoka nalo, kikaanguka relini kwa kishindo cha gunia la mkaa.

Mio akanyoosha shingo, kisha mabega, kisha mgongo wote. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na bibi Kikue akamkumbatia, akamwita mtoto mjinga.

Wakafika kituo cha Otose mapema mno. Reli yetu ni moja, kwenda na kurudi, na Otose ndipo treni zinapopishana. Taa mbele ilikuwa nyekundu. Treni ya kutoka Minasaka ilikuwa bado iko mbali, inakuja kwa ratiba yake. Hatakeda akasimamisha behewa kwenye alama, akanyoosha kidole, akatamka, "Mlango, sawa!" Akafungua mlango kama siku zote.

Hakuna aliyeutazama. Walikuwa wakimtazama Mio amesimama wima. Hatakeda alikuwa akitokwa na machozi waziwazi, jambo ambalo sisi wanaume wa huku hatulifanyi.

Bibi Kikue ndiye aliyesikia kwanza.

"Nyamazeni. Nani anatembea kwenye kokoto?"

Hatua. Nzito, sawasawa, za mtu asiyeharakishwa na chochote. Zilikuwa zinakuja kwenye reli kutoka walikotoka.

"Ondoa gari!"

"Taa nyekundu, bibi! Tutagongana na wenzetu!"

"Basi funga mlango!"

Hatakeda akabonyeza kitufe. Mlango ukateleza, ukafika katikati, ukagusa kitu, ukarudi. Akabonyeza tena, ukarudi tena. Milango yetu imetengenezwa kwa huruma, isimbane abiria. Sakafu ikalowa, alama moja ya unyayo, kisha ya pili.

"Ahsanteni kwa kunisubiri," sauti ikasema, kwa adabu kabisa.

Mio akarudi nyuma hadi ukutani. Unyayo wa tatu ukatokea mbele yake. Hatakeda akatoka kwenye kiti chake, akajipenyeza katikati yao, akageuka, akapiga magoti na kulielekezea mgongo.

"Mtoto mwache. Panda hapa."

"Huyu ni laini. Nimemzoea."

"Huyu atamaliza shule aondoke. Mimi ndiye dereva. Utapita hapa kila siku, kwenda na kurudi, hadi nitakapozeeka." Akaweka viganja sakafuni. "Jina langu ni Hatakeda Yoshimune."

Likafikiri. Halikuwa na haraka. Kisha Mio akaona kola ya baba yake ikibonyea, na paji lake la uso likashuka taratibu hadi likagusa sakafu.

Kulidondosha jini kwa mbio tena haikuwezekana. Kampuni iligundua kwamba behewa lilifika Otose mapema, ikaona hiyo ni fedheha kuu, ikaomba radhi magazetini, ikafunga chombo kinachokaza breki ukizidisha mwendo. Mio akapelekwa kwa shangazi yake Minasaka. Anatembea wima, na baba yake amemkataza asikanyage reli ile hata kwa mazishi yake.

Hatakeda bado anaendesha. Akifika kituoni huwainamia abiria hadi nywele zinakaribia magoti, na hainuki mpaka anaporuhusiwa. Mabwana wa kampuni walipomwona walifurahi sana. Wamempa cheti cha dereva mwenye adabu kuliko wote, na picha yake imebandikwa kila kituo ili wenzake wajifunze.

Tangazo jipya limetoka: Kurabami sasa ni kilomita kumi na tano. Jumamosi iliyopita bibi Kikue alichungulia dirishani wakipita pale, na tangu siku hiyo hapandi tena, figili zinamwozea nyumbani. Anasema majini wako wengi, kandokando ya reli, kwenye mvua, wamepanga foleni. Hawasukumani. Wameacha nafasi mbele ya mlango, kama tulivyofundishwa wote, ili kwanza wanaoshuka washuke.