Sahani ya Nane

Jua lilikuwa linazama shangazi aliponituma dukani nikachapishe wasifu wa bibi. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Kazi ya kuandika niliachiwa mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu wa ukoo, na nyumbani hata jina langu walishalisahau. Waliniita Mwalimu tu. Nina ugonjwa mmoja: siwezi kuliona kosa nikaliacha.

Bibi alitulea wajukuu saba kwa kazi ya udobi hospitalini. Alifua mashuka ya wagonjwa kutwa nzima, akarudi viganja vimekunjamana, ananukia sabuni ya kufulia. Hakuweka tonge kinywani kabla hatujashiba. Nilimpenda kuliko mama yangu mzazi, na sioni haya kusema.

Ila hesabu ilimpiga chenga. Ndivyo tulivyomtania. Kila jioni alitugusa vichwa mmoja mmoja mpaka saba, kisha mkono wake ukashuka nyuma ya mlango wa jiko, ukapapasa hewa. "Nane. Wote wapo." Akapakua sahani nane. Ya nane aliiweka pale pale nyuma ya mlango, na asubuhi tuliikuta imerambwa. Tulimsingizia paka. Paka hatukuwa naye.

"Asiyehesabiwa ana njaa mbili," alikuwa akisema.

Marehemu mama aliwahi kuninong'oneza kwamba zamani, bibi akifungua furushi la mashuka machafu, alikuta kichanga ndani. Kimekufa. Hakikuandikwa kwenye daftari lolote, wala hakuna aliyekidai. Bibi alikizika mwenyewe... na tangu jioni ile akawa anapakua sahani moja zaidi. Mimi niliyachukulia kuwa maneno ya jikoni.

Dukani mchapaji alikuwa peke yake. Alichapa wasifu niliouandika, akanitolea nakala ya kwanza niipitie.

*Ameacha wajukuu wanane.*

"Umekosea hapa," nikamwambia. "Ni saba."

Akanigeuzia karatasi niliyomletea. Mwandiko wangu. Wino wangu.

Wanane.

Harufu ya sabuni ya kufulia ikajaa chumbani, na chini yake harufu nyingine, ya nguo zilizolala mbichi...

"Mwalimu," mchapaji akanong'ona, "huyo mtoto uliyekuja naye, mbona haingii?"

"Sikuja na mtoto."

Alitazama mlangoni kwa muda. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Basi tuache wanane," akasema. "Nani atakuja kuhesabu watu msibani?"

Laiti ningemsikiliza. Lakini nilitoa kalamu nyekundu mkobani, nikakata.

Saba.

Nyuma yangu kitu kikavuta pumzi, kama mtoto anayetaka kulia. Hakikulia.

Kesho yake mjomba aliusoma wasifu kaburini. Alipofika kwenye "wajukuu saba", vidole vidogo vya baridi vikapenya kiganjani mwangu. Vikashika. Nikahisi nguvu zinanitoka kupitia mkono ule, taratibu... Kisha vikaniachia. Nikajiambia ni uchovu wa msiba.

Tuliporudi nyumbani shangazi alipakua chakula. Nilisimama kando ya mlango wa jiko nikisubiri changu. Akawagusa wajukuu vichwa, kama alivyofanya bibi.

"...tano, sita, saba. Wote wapo."

"Shangazi, mimi bado," nikasema.

Hakugeuka. Nikahesabu mwenyewe kwa kidole, mara mbili. Binamu zangu sita. Na wa saba amenipa mgongo, amevaa gauni langu jeusi la msiba. Anakula haraka haraka, kwa mikono miwili.

"Taratibu, Mwalimu," shangazi akamwambia kwa upole. "Utapaliwa, mwanangu."

Nikajitazama. Nilikuwa nimejifunga shuka. Shuka la hospitali, bado bichi.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nilimvuta shangazi nguo. Akajikunyata, akasema kuna baridi inaingia, akausukuma mlango ukanibana ukutani.

Sijui leo ni siku ya ngapi. Huku nyuma ya mlango nasikia kila sahani inapowekwa mezani. Saba. Kila jioni nazihesabu, maana sina kazi nyingine, na nimejua kwamba bibi hakukosea hata siku moja. Namlilia yeye. Ni yeye peke yake ambaye angenipakulia.

Jana mtoto mdogo wa binamu yangu alichungulia huku. Tukatazamana. Akaninyooshea kipande cha mkate, na mimi nikanyoosha mkono.

Mama yake akamvuta. "Hapo hakuna mtu," akamwambia. "Kula mwenyewe."

Mtoto aliendelea kunitazama kidogo. Kisha akala.