Sauti Iliyobaki Mlimani

Mwaka 1956, mimi na mdogo wangu Kapembwa tulivuka ziwa Mweru na magunia ya samaki wakavu, tukapanda hadi pori la serikali milimani, upande wa Kongo, kuwauzia walinzi wa wanyama. Huko juu ni baridi, nyasi na mawe tu. Jioni ya pili Kapembwa aliteremka korongoni kuokota kuni. Kazi ya mara moja.

Ukungu ukashuka.

Nilingoja... hakurudi. Harufu ya udongo mbichi, kama kaburi jipya. Sisi watu wa ziwa, ukungu ukimfunika mtu tunaliita jina lake mpaka aitike, kisha tunaifuata sauti. Kutomwita ni kumwacha afe. Nikasimama ukingoni, nikavuta pumzi. Zacharia, mlinzi aliyetupa kibanda cha kulala, akanishika mkono.

"Mama, usimuite jina," akanong'ona. "Huku mulima, saa ya magaribi, tunapigaka tu makofi. Jina ya mutu... kuko bengine banaitikaka, hapana yeye."

"Ni ndugu yangu. Atapotea."

"Makofi, mama. Nakuomba."

Makofi! Mimi, binti wa Kashikishi, pwani ya ziwa, nimpigie ndugu yangu makofi kama ninayefukuza kuku?

"Kapembwaaa!" Nikaita mara tatu.

"Mi nakuya, yaya..."

Sauti yake kabisa, ikiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake. Lakini ilitoka juu, kwenye majabali.

Na Kapembwa akatokea chini, korongoni, kuni begani. Alitaka kuniambia kitu. Midomo ikacheza, haikutoka sauti. Zacharia akavua kofia yake, kama tuko msibani.

Tulirudi nyumbani naye bubu. Misheni walimpa dawa, kanisa likamwombea. Mama aliniuliza kila jioni nimemfanya nini mtoto wake. Nilisema ni baridi ya mlimani. Uongo huo unaniuma hadi leo.

Mwezi wa nne tangu turudi, alfajiri, alikwenda peke yake kutoa nyavu, ukungu ukafunika ziwa. Tulitoka na mitumbwi sita. Wanaume wakaita jina lake. Bubu ataitikaje?

Akaitika.

"Mi nakuya, yaya..."

Ilitoka magharibi, kwenye milima. Mitumbwi yote ikageuka. Tulipiga kasia mpaka jua likapanda, na sauti ilikuwa mbele yetu tu.

Kapembwa tulimkuta mchana, amezama kwenye matete, karibu na nyumba zetu. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa kuyang'ang'ania.

Watu hawajui, nami sijawahi kumwambia mtu. Nilijua tangu mwanzo kwamba sauti ile haikutoka kinywani mwake. Ningeweza kuwarudisha wale wanaume. Lakini kwa miezi minne sikuwa nimemsikia mdogo wangu akiniita yaya, na nilipiga kasia kuifuata kwa nguvu kuliko wote.