Mteremko wa Maktaba

Kengele ya saa nne ilipolia, darasa zima lilitimua mbio kwenda maktaba. Msichana waliyemwita Dereva alizungusha taratibu magurudumu ya kiti chake, akaenda kukaa kando ya tangi la maji, peke yake, kama kila siku. Alifungua kitabu cha hesabu. Hakuna anayesoma hesabu wakati wa mapumziko, lakini angalau aliyepita alimwona ana shughuli.

Wiki tatu nyuma, shule ilikuwa imemjengea njia ya mteremko pembeni ya ngazi za maktaba. Siku ya kuifungua, wavulana wanne walimsukuma hadi juu kwa vifijo. Mwalimu mkuu akamwuliza mbele ya wazazi wote, "Mwanangu, umeionaje?" Watu walikuwa tayari wameinua mikono wapige makofi. Angesema nini?

"Nzuri sana, mwalimu. Asanteni."

Kesho yake alijaribu bila msaada. Alipofika katikati mikono iliishiwa nguvu, kiti kikaanza kurudi nyuma na magurudumu ya mbele yakainuka. Aliponea chupuchupu. Hakumwambia mtu. Umejengewa, umeshukuru, halafu urudi kulalamika? Aliona aibu.

Mkutubi alikuwa akiandikisha wanafunzi wanane wa kikundi cha kusoma, na aliwachukua wale aliowaona maktaba. Dereva alikitaka kikundi hicho kuliko kitu chochote. Rafiki yake, waliyeketi pamoja tangu darasa la kwanza, alishaingia. Siku hiyo alipita karibu na tangi.

"Majina yanafungwa Ijumaa. Huji?"

"Sijisikii."

"Hujisikii, hujisikii! Umejengewa njia kama malkia, kazi yako kuringa. Kaa na tangi lako basi, labda litakusimulia hadithi."

Akaenda zake. Dereva alimtazama mpaka akapotea mlangoni, kisha akasoma swali lilelile la hesabu mara nne bila kuelewa kitu.

Alhamisi alimkuta fundi mwashi aliyeujenga mteremko ameinama juu yake, anaupima kwa utepe na kuandika tarakimu kwenye kipande cha mfuko wa saruji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Dereva wangu! Kazi yetu imesifiwa, unajua? Nimeambiwa nijenge mwingine chooni, uwe kama huu huu. Kesho naanza."

Dereva aligeuka akatazama upande wa choo. Maktaba mtu anaweza kuacha kwenda. Chooni je?

"Fundi, usijenge kama huu."

"Kwa nini? Si wewe mwenyewe uliyesema nzuri sana, nikapigiwa makofi?"

"Nilisema uongo." Aliunyoshea mteremko kidole. "Ni mkali mno. Sijawahi kuupanda peke yangu hata siku moja."

Fundi alicheka. "Huu? Huu mimi napandisha toroli la zege, limejaa pomoni!"

"Toroli unalisukuma kwa miguu, fundi. Mimi nina mikono tu. Hebu kaa ujaribu."

Alihamia kwenye ngazi, fundi akakaa kitini. Alisukuma mara moja, mara mbili, akaanza kuhema. Mara ya tatu kiti kilirudi nyuma kwa kasi, kikampeleka mpaka kwenye vumbi.

"Mama yangu weee!"

Wanafunzi waliojaa mlangoni waliangua kicheko. Dereva hakucheka, na fundi alipoinuka naye hakucheka.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema akijipangusa. "Binti, nimekosa. Twende kwa mkuu."

Ofisini fundi alieleza bila kujitetea. Ngazi zilikuwa na kimo cha sentimeta arobaini na tano, na kipimo alichofundishwa ni kwamba kila sentimeta moja ya kupanda hutaka kumi na mbili za urefu. Mteremko ulipaswa kuzidi meta tano. Yeye aliona nafasi finyu, akajenga meta mbili kasoro, kama alivyozoea kujengea toroli.

Waliuvunja. Mpya uliambaa na ukuta, ukawekewa vyuma vya kushikilia pande zote mbili na sehemu tambarare mbele ya mlango. Wa choo ulijengwa hivyo hivyo. Kazi ilichukua siku tisa, na Ijumaa ya majina ilipita. Nafasi zote nane zilijaa.

Siku ya tisa Dereva alipanda polepole, bila mkono wa mtu. Rafiki yake alimngoja juu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisukuma."

"Sasa kuna ubaya gani?"

"Kila siku? Na siku usipokuja shule?"

Rafiki yake aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nilikusema vibaya."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alisogea. "Sisi tulikosa, mwanangu. Tulikuuliza wakati saruji imeshakauka, badala ya kukuuliza kabla. Lakini nawe tulipokuuliza, ulituficha. Kushukuru ni adabu, ila shukrani isikuzibe mdomo. Kitu kisipofaa, sema hakifai, maana tusipoambiwa tutajenga kosa lilelile mara ya pili. Umetuokoa na hilo, na nafasi yako imepotea. Muhula ujao utajiandikisha kama wengine."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Dereva, akaingia ndani kuchagua kitabu.