Mkono Kwenye Chupa

Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, Nyaruai, ambaye majirani walimwita Mama Ciru, alienda kwenye mashine ya alizeti. Mashine ilikuwa ndani ya kibanda nyuma ya jikoni, katika shamba lao nje ya Kitale, upande wa Endebess. Haikutumia stima. Nyaruai aliizungusha kwa mkono. Mume wake, Muchiri, alimimina mbegu. Mafuta yalitoka polepole, safi, yenye harufu ya mavuno.

Mafuta hayo yalikuwa mazuri. Hakuna aliyebisha. Lakini waliyauza kwa mitungi, bila jina. Dalali aliyanunua, akayatia kwenye chupa zake, akabandika jina lake.

Siku moja Nyaruai alienda Bungoma kumtembelea dada yake. Sokoni aliona chupa za yule dalali. Akafungua moja, akanusa. Akayajua mafuta yake.

"Haya mafuta ni ya nani?" aliuliza.

"Si jina ni hilo hapo," mwuzaji alisema. "Huyo mtu anajua kazi, mama. Hakuna kama yeye."

Nyaruai alirudi nyumbani. Alipomwandalia Muchiri chakula, alisema, "Jasho ni langu, sifa ni ya mtu mwingine. Mimi nimekataa."

Wakati huo mfanyabiashara mmoja, Chelimo, alikuwa anajenga duka kubwa mjini Kitale. Nyaruai akamwendea.

"Mama Ciru, mafuta yako nayajua," Chelimo alisema. "Nitakupa rafu ya mbele kabisa. Lakini usiniletee chupa uchi, bana. Nataka lebo. Na watu wa Nairobi huniuliza kama mko kwa intaneti. Nafungua kabla ya Krismasi. Kama hamtakuwa tayari, rafu nampa yule dalali. Ameshaniomba."

Basi dada ya Nyaruai akawapeleka yeye na Muchiri kwa Phelista. Phelista alifanya kazi peke yake, katika chumba kimoja karibu na stesheni ya reli ya Bungoma. Hakuajiriwa na kampuni. Alikuwa na kompyuta yake na akili yake. Alichora lebo na mabango, na alitengeneza tovuti.

Kabla ya kuchora, aliwauliza maswali. Nani hununua mafuta? Wanayapendea nini? Lebo inahitajika lini? Wakakubaliana bei: nusu mwanzoni, nusu kazi ikikubaliwa. Wote wakatia sahihi.

"Na nani ataongea na mimi kwa niaba yenu?" Phelista aliuliza.

Muchiri akacheka. "Sisi sote! Kwetu hakuna jambo bila kamati."

Hakusema uongo. Ukoo ule ulikuwa na kamati ya harusi, kamati ya mazishi na kamati ya karo. Kwa mambo hayo kamati ni nzuri. Kwa lebo ni balaa.

Kamati ilikaa nyumbani kwa Muchiri. Mzee Ngige, ami yake, alikuwa mwenyekiti kama kawaida. Phelista alikuwa ametuma mchoro wa kwanza: ua moja la alizeti na jina.

"Ua moja tu?" Mzee Ngige alisema. "Ati tunalipa kwa ua moja? Aweke mstari wa Biblia."

"Aweke Mlima Elgon," Mary Ann, dada ya Muchiri, alisema. "Na ndovu."

"Na picha yetu ya harusi," Muchiri alisema.

"Na ile alama ya ubora, kama kwa mafuta ya duka," Mzee Ngige akaongeza.

Nyaruai alimimina chai. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Kila mmoja alimpigia Phelista simu. Huyu alitaka nyekundu, yule alitaka kijani. Wiki zikapita. Mwishowe Phelista alikuja Kitale mwenyewe, na chupa moja yenye lebo ndani ya mfuko. Kamati ikaitwa.

Aliweka chupa dirishani. Akawaomba wote wasimame mlangoni.

"Nimeweka yote mliyosema, isipokuwa alama ya ubora," alisema. "Mzee wangu, chupa ile ni ya nini?"

Mzee Ngige alifinya macho. "Naona... si ni kalenda ya kanisa?"

"Ni dawa ya kupe!" Mary Ann alisema, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Muchiri hakucheka. Aliangalia harusi yake, ndogo kama kunguni, chini ya tumbo la ndovu.

"Mtu dukani ana haraka," Phelista alisema. "Anaangalia mara moja, anapita. Ukimwambia mambo kumi, hasikii hata moja. Lebo iseme jambo moja kwa sauti. Mengine yaandikwe chini, kwa herufi ndogo zinazosomeka: uzito, tarehe, mahali, simu."

"Na alama ya ubora?"

"Hiyo hutolewa, haichorwi. Pelekeni mafuta yapimwe. Yakifaulu mtapewa. Nafasi yake nitaiacha. Nikiichora leo nimedanganya wateja wenu, na mimi sifanyi hivyo."

Kisha akauliza, "Nani huzungusha mashine?"

Wote wakamgeukia Nyaruai. Alikuwa ameshika birika.

"Basi nitafanya kazi na yeye peke yake," Phelista alisema.

"Na kamati je?" Mzee Ngige aliuliza.

Nyaruai aliweka birika chini. "Mzee, kamati itatuombea siku ya duka. Lebo niachieni mimi."

Mzee alijimiminia chai mwenyewe. Kisha akasema, "Haya. Mwenye mashine ameongea."

Nyaruai akamwambia Phelista jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja. "Majirani wakituma watoto kwangu, hawasemi mafuta ya alizeti. Husema, 'Nenda ulete mafuta ya mkono.'"

Phelista alichukua kamera yake. Halafu akasema, "Mama, twende kwa mashine. Shika pale unashikaga."

Akapiga picha. Kutoka picha hiyo alichora mkono wa mwanamke umeshika mpini. Ulikuwa na vidole vinene, na pete imezama kwenye kidole. Chini yake aliandika: Mafuta ya Mkono, Kitale.

"Kabla ya kuchapa nyingi, tujaribu chache," alisema. Walibandika, na Nyaruai akashika chupa kwa vidole vyenye mafuta, kama mpishi. Karatasi ikalowa na wino ukatoka. Wakabadilisha karatasi. Hasara ilikuwa lebo chache tu.

Muchiri alipeleka mafuta kupimwa. Yalifaulu, na ile nafasi ikapata alama yake ya halali.

Tovuti nayo ikawa tayari. Waliiona kwenye saiba, duka la intaneti, mjini. Jina la tovuti Phelista aliliandikisha kwa jina la Nyaruai, akampa paswadi.

"Kwa nini usikae nayo wewe?" Muchiri aliuliza.

"Nikihama au nikifa, mtabaki nje ya mlango wenu. Nyumba ni yenu, ufunguo ni wenu."

Desemba duka likafunguliwa. Mzee Ngige aliomba, akaomba sana. Kisha akasimama kando ya rafu ya mbele. "Huu mkono ni wa kwetu," aliwaambia watu. "Mimi nilikuwa mwenyekiti!"

Dalali naye alikuja. "Mama Ciru, mitungi yangu ya mwezi huu je?"

"Mitungi imeisha," Nyaruai alisema. "Chupa ziko mbele. Panga laini kama wengine."

Bibi kizee mmoja kutoka Kachibora alipita karibu na rafu. Hakujua kusoma. Alisimama, akachukua chupa, akagusa ule mchoro kwa kidole. Akatazama mkono wa Nyaruai na ile pete.

"Si ni huu?"

"Ndio, cucu," Nyaruai alisema. "Ni wangu."

"Basi nipe mbili," bibi akasema.