Mkono Ndani ya Koti

Mimi ni Msabato, na jua la Ijumaa likizama mikono yangu haigusi kazi. Mtaa wetu wote hapa Migori unajua. Kwa hiyo Benta alipobisha mlangoni saa kumi na moja jioni, na kamera ya filamu iliyofungwa kwa leso, nilikunja uso kabla hajasalimu.

"Baba Bonareri, nisaidie. Nicodemus ako ndani ya hii."

Mumewe Nicodemus alifunikwa na shimo la dhahabu kule Osiri. Siku ya tisa sasa. Mwili haukupatikana, na kesho wangezika tunda la yago ndani ya jeneza, kama Wajaluo wafanyavyo mtu akikosekana. Benta alitaka angalau picha ya kuweka juu yake. Simu ya mumewe ilibaki shimoni. Picha ya pekee ilikuwa kwenye kamera hiyo ya kizamani, nayo ilikuwa imekwama.

"Fundi wa simu alitaka kuifungua tu hivi," akasema.

"Angeifungua kwenye mwanga, kila kitu kingeungua."

Studio yangu ilikufa simu zilipokuja, lakini dawa za kuosha picha bado ninazo. Nikaketi mezani. Kishikio cha kusogezea filamu hakikwenda mbele wala nyuma. Skrubu ya kwanza ilizunguka bila kutoka. Ya pili iliruka ikapotelea chini ya kochi. Nilikasirika hadi nikatamani kuitupa ile takataka nje, na jua halikuningoja.

Ikabaki njia moja. Nilitia kamera na kopo la kuoshea filamu ndani ya koti langu zito jeusi, nikafunga zipu, nikakunja shingo na pindo, kisha nikaingiza mikono yangu kupitia mikono ya koti. Ndani giza tupu. Hapo unafanya kazi kwa vidole tu.

Mfuniko wa nyuma ukafunguka. Filamu ilikuwa imeng'ang'ania kwenye meno ya gurudumu. Nikavuta... ikagoma. Nikavuta tena, nikasonya.

Ndipo harufu ikanijia. Udongo mbichi, wa chini sana.

Kidole kikagusa changu.

Nilihesabu, kijinga kabisa. Mkono wangu wa kulia ulishika kamera. Wa kushoto ulishika filamu.

Huu ulikuwa wa tatu.

Ukaitoa filamu kwenye meno, taratibu, ukaniwekea kiganjani. Halafu ukanigonga. Ko... ko... ko. Kidole chake cha mwisho hakikuwepo.

Sijui nilipata wapi nguvu ya kuitia filamu koponi na kufunga. Nilipochomoa mikono, ilikuwa na tope jekundu, na jua lilikuwa limezama. Niliosha filamu hiyo siku ya Sabato, Mungu anisamehe.

Picha ilipotokea kwenye karatasi, Nicodemus alikuwa anacheka, ameinua mkono. Kidole cha mwisho hakipo.

"Mashine ya kusaga mawe ilimkata," Benta akasema.

Bila kufikiri, nikagonga meza mara tatu. Akanishika mkono.

"Usigonge hivyo, baba. Hivyo ndio wachimbaji hugonga mwamba wakifunikwa, ndio wale wako juu wajue kuko mtu."

"Waliacha kuchimba lini?"

"Siku ya nne."

Akaliona tope lililobaki kwenye kucha zangu. Sauti yake ikashuka.

"Umemgusa?"

Nikaficha mikono mifukoni.

"Alikuwa baridi?"

Shimo lilikuwa limeshafukiwa. Jeneza lilikuwa limeshanunuliwa. Nani angechimba kwa neno la mzee aliyeingiza mikono kwenye koti? Niliona haya, niliogopa, na nilikuwa nimechoka.

"Baridi, mama. Baridi kabisa."

Akalia, akashukuru, akaenda na picha yake. Kesho yake wakazika yago.

Mkono ule ulikuwa na joto.

Ijumaa iliyofuata nilishindwa kuvumilia. Jua lilipozama nilifunga zipu, nikaingiza mikono gizani, nikangoja. Kimya. Nikataka kuichomoa... ndipo harufu ya udongo ikanijia.

Ulikuja. Ukagonga mara moja tu.

Ulikuwa umeanza kupoa.